Jozi 16 za glovu: Kwa nini maisha ya kipa mzawa yanategemea timu kama Dodoma Jiji

KILA Ligi Kuu Tanzania Bara inapoanza msimu, klabu 16 hupeleka uwanjani wachezaji 11 kila moja. Mshambuliaji aliyekosa namba anaweza kusogezwa pembeni, kiungo akarudishwa nyuma kuziba pengo la beki aliyeumia, na beki wa kulia akajaribiwa upande wa kushoto. Mlinda mlango hana pa kusogezwa. Ama amesimama kati ya nguzo mbili, ama ameketi benchi na glovu zake mapajani, akiomba (kimoyomoyo, maana halisemeki hadharani) mwenzake apate walau mafua.

Ndiyo kusema nchi nzima, katika ngazi ya juu kabisa ya soka, ina nafasi 16 tu za kipa namba moja. Ukiondoa zile ambazo katika misimu ya karibuni zimekuwa mikononi mwa makipa wa kigeni, zinazobaki kwa wazawa ni chache, na nyingi kati yake hazipo Msimbazi wala Jangwani. Zipo kwenye timu za majeshi, za viwanda vya sukari na za halmashauri. Mojawapo ya timu hizo ni Dodoma Jiji, ambayo tangu msimu wa 2020/21 imekuwa ikicheza Ligi Kuu ikiwa na makao yake kwenye Uwanja wa Jamhuri mjini Dodoma.

Dodoma si mgeni katika kabumbu la nchi hii. Wazee wa mji huo huzikumbuka timu za CDA, iliyokuwa ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na Waziri Mkuu, na baadaye Polisi Dodoma iliyopata kucheza Ligi Kuu katika miaka ya 2000. Zote ziliishi kwa hisani ya taasisi iliyozimiliki, na taasisi ilipobadili mawazo timu ilififia. Dodoma Jiji ni mtoto wa ukoo huohuo: ilikuwa Dodoma FC, ikachukuliwa na halmashauri baada ya mji kupandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 26, 2018, ikapanda daraja mwaka 2020 chini ya kocha Mbwana Makata. Miongoni mwa walinda mlango wa mwanzo wa kikosi hicho alikuwa Aaron Kalambo, aliyetokea Tanzania Prisons ya Mbeya, timu nyingine ya taasisi.

Kudaka katika nyanda za kati kuna adha zake. Mji wa Dodoma upo mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na baada ya hapo ardhi hukauka hadi kuwa kama sakafu. Upepo wa alasiri katika miezi ya kiangazi huubeba mpira wa juu ukaenda usikotarajiwa, na kipa aliyekwisha kutoka golini kuifuata krosi hugundua akiwa hewani kwamba mpira umempita. Mtoto anayeanza kudaka kwenye viwanja vya vumbi vya Chang'ombe au Kizota hujifunza mapema kuanguka kwa ubavu, si kwa kiwiko. Wengi hujifunza baada ya kuchubuka.

Jambo ambalo huonekana baadaye, anapofika ngazi za juu, ni la miguu. Mwaka 1992 sheria za soka zilibadilishwa, kipa akazuiwa kuudaka kwa mikono mpira aliorudishiwa na mwenzake kwa mguu. Tangu hapo mlinda mlango amekuwa mchezaji wa 11 kwa maana halisi: anapokea pasi, anatuliza, anapiga pasi fupi huku mshambuliaji wa timu pinzani akimkimbilia. Kipa aliyekulia kwenye ardhi ambayo mpira hurukaruka kabla ya kumfikia hana anasa ya kutuliza. Hupiga mbele, mbali, basi. Ni busara kabisa mahali pale, lakini siku anapoitwa kwenye klabu inayoanzisha mashambulizi kutoka golini, tabia hiyo huhesabiwa kuwa kasoro.

Hapo ndipo penye sehemu kubwa ya maelezo ya kwa nini klabu kubwa zimegeukia nje. Makipa wa kigeni si jambo jipya katika soka la Tanzania. Yanga ilipata kuwa na Obren Cirkovic kutoka Serbia, kisha Yaw Berko wa Ghana. Simba ikawaleta Vincent Angban wa Ivory Coast na Daniel Agyei wa Ghana. Azam ikamsajili Razak Abalora, naye Mghana. Wengi wa hao walikuja wakaondoka, na wazawa wakarudi kwenye nafasi zao. Kilichobadilika ni fedha na kanuni. Mei 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu nchini (TFF) lilitia saini na Azam Media mkataba wa haki za matangazo wenye thamani ya Sh225.6 bilioni kwa miaka 10, na kanuni za ligi zikawa zinaruhusu klabu kusajili hadi wachezaji 12 wa kigeni. Mwaka huohuo Yanga ikamchukua Djigui Diarra kutoka Stade Malien, kipa wa timu ya taifa ya Mali, fundi wa mikono na wa miguu.

Diarra hakupewa nafasi kwa upendeleo, ni haki kulisema hilo. Alistahili, na yeyote aliyemtazama Yanga ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 anajua. Lakini mafanikio yake yalifungua mlango. Simba ikamleta Ayoub Lakred kutoka Morocco mwaka 2023, kisha Moussa Camara wa Guinea mwaka 2024. Tuzo ya kipa aliyemaliza mechi nyingi zaidi bila kuruhusu bao katika msimu wa 2023/24 ilikwenda kwa Ley Matampi, raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na klabu yake haikuwa Simba wala Yanga bali Coastal Union ya Tanga. Msimu uliofuata ikachukuliwa na Camara. Maana yake ni kwamba mtindo umekwisha kuvuka mipaka ya Kariakoo.

Ili kuelewa nini kiko hatarini, ni vema kuitazama safari ya mlinda mlango mmoja ambaye karibu kila mpenzi wa soka nchini anamfahamu: Juma Kaseja.

Mwaka 2003 Simba ilikuwa chini ya kocha James Siang'a, Mkenya aliyekuwa mwenyewe golikipa wa Harambee Stars katika Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1972. Kocha wa namna hiyo hatazami umri wa kipa, hutazama mikono na uamuzi, na alimwamini kijana aliyekuwa bado hajafikisha miaka 20. Katika Ligi ya Mabingwa Afrika ya mwaka huo Simba ilikutana na Zamalek ya Misri, bingwa mtetezi. Ilishinda 1-0 Dar es Salaam, ikafungwa 1-0 Cairo, mshindi akatafutwa kwa mikwaju ya penalti. Zamalek walifunga miwili tu. Simba ikasonga mbele kwa 3-2, na mkwaju wa mwisho ulipigwa na kiungo Christopher Alex, ambaye alifariki dunia mjini Dodoma mwaka 2013. Katika vijiwe vya mji huo habari ya penalti ile bado huhadithiwa, na anayehadithia hupenda kusimama kuonyesha jinsi ilivyopigwa.

Kwa kipa, siku kama ile ni baraka na mzigo. Kaseja akawa "Tanzania One", jina lililopata umaarufu enzi za Mohamed Mwameja, mlinda mlango wa Simba iliyofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Hata hivyo, wakati Mbrazil Marcio Maximo alipoinoa Taifa Stars kati ya 2006 na 2010, Kaseja kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho hakuitwa, jambo lililozua ubishi usiokwisha magazetini na redioni. Golini walisimama wengine, akiwamo Ivo Mapunda, aliyepata kudaka pia Ethiopia na Kenya. Taifa Stars ilipokwenda Ivory Coast mwaka 2009 kwenye fainali za kwanza za CHAN, michuano ya wachezaji wa ligi za ndani, mlinda mlango wake alikuwa Shaban Dihile. Dihile hakutoka Simba wala Yanga, alitoka JKT Ruvu.

Kaseja alirudi baada ya Maximo kuondoka, na alikuwa kwenye kikosi cha Tanzania Bara kilichotwaa Kombe la Chalenji Desemba 2010 jijini Dar es Salaam kwa kuifunga Ivory Coast 1-0. Mwaka 2013 akaachana na Simba, akatua Yanga kwa mara ya pili katika maisha yake. Desemba 21 mwaka huo, katika mechi ya Nani Mtani Jembe, Simba iliifunga Yanga 3-1 huku Kaseja akiwa golini, na lawama zikamwangukia. Mshambuliaji anaweza kukosa mabao matano akafunga la sita akasahaulika dhambi zake. Kipa huokoa michomo mitano, na watu wakaondoka uwanjani wakizungumza juu ya wa sita.

Kilichofuata ndicho chenye somo kubwa kuliko ushindi wa Cairo, ingawa hakuna anayekihadithia vijiweni. Kaseja alikwenda Mbeya City, kisha Kagera Sugar, kisha KMC, timu ya Halmashauri ya Manispaa ya Kinondoni. Kwa macho ya shabiki wa mjini hayo yalikuwa mazishi ya taratibu. Kwa kipa yalikuwa mechi, wiki baada ya wiki, na mechi ndiyo chakula cha mlinda mlango. Kasi ya kuamua kama utoke au ubaki, kujua beki wako atageukia wapi, kuusoma mguu wa mpigaji kabla haujagusa mpira: mambo hayo hayahifadhiwi mazoezini. Huoza benchini.

Agosti 4, 2019, uwanja wa Kasarani jijini Nairobi, Tanzania na Kenya zilikuwa zimetoka sare ya 0-0 mara mbili katika kuwania kufuzu CHAN. Kipa wa Tanzania alikuwa Kaseja wa KMC, aliyerudishwa kikosini baada ya miaka kadhaa. Tanzania ilishinda kwa penalti 4-1. Septemba 8 mwaka huohuo, katika hatua ya awali ya kuwania kufuzu Kombe la Dunia, Tanzania na Burundi zilifungana 1-1 Dar es Salaam kama zilivyofungana 1-1 Bujumbura. Zikapigwa penalti, na Burundi hawakupata hata mmoja katika mitatu waliyopiga. Matokeo yakawa 3-0. Kati ya Cairo na siku ile ilikuwa imepita miaka 16.

Lau kusingekuwa na timu ya halmashauri iliyokuwa tayari kumpa glovu kipa aliyekwisha kuitwa mzee, hapangekuwa na Kaseja wa 2019. Na si yeye pekee. Tanzania ilipokuwa mwenyeji mwenza wa CHAN pamoja na Kenya na Uganda Agosti 2025, ikafika robo fainali kabla ya kutolewa na Morocco kwa bao 1-0, mlinda mlango aliyeng'ara alikuwa Yakoub Suleiman wa JKT Tanzania. Baada ya hapo ndipo Simba ilipomchukua. Miaka 16 baada ya Dihile, njia ilikuwa ileile.

Zipo safari nyingine zinazoonyesha upande wa pili. Aishi Manula alitoka Azam kwenda Simba mwaka 2017, akatwaa ubingwa mara nne mfululizo, akasimama golini Taifa Stars ilipocheza Fainali za Mataifa ya Afrika nchini Misri mwaka 2019. Akaumia mwaka 2023. Kwa kuwa na Beno Kakolanya naye hakuwa tayari, Simba ikalazimika kumtumia kipa wa tatu, Ally Salim, katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Wydad. Agosti mwaka huohuo, kwenye Uwanja wa Mkwakwani Tanga, Salim alipangua penalti tatu za Yanga na kuipa Simba Ngao ya Jamii. Kwa usiku mmoja nchi nzima ilimjua. Kisha Lakred akashika nafasi, na Salim akarudi benchi. Manula naye aliporejea Novemba 5, 2023 alikutana na kipigo cha 5-1 kutoka kwa Yanga. Ingawa alidaka mechi zote za Tanzania katika fainali za Afrika Januari 2024, ndani ya klabu yake nafasi ilikuwa imekwisha kuponyoka. Mwaka 2025 alirudi Azam.

Ugumu huu haupo katika kila mchezo. Katika mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu huko Amerika ya Kaskazini, ambako ligi kuu ina mechi zaidi ya 80 kwa msimu na kipa hukabiliwa na michomo ipatayo 30 kwa usiku mmoja, mwalimu huruhusiwa kumtoa mlinda mlango wakati wowote na hata kumrudisha baadaye. Klabu hugawa mechi kati ya makipa wawili, hivyo wa pili hucheza pia. Hata huko wapo waliochelewa: Mmarekani Tim Thomas alizunguka Finland, Sweden na ligi ndogo hadi alipopata namba ya kudumu Boston akiwa na miaka 31, na mwaka 2011 akatwaa Kombe la Stanley akiwa na miaka 37. Alisubiri akicheza. Kipa wa pili wa soka husubiri akitazama.

Uvumilivu huo unawezekana kwa sababu mwili wa mlinda mlango hudumu. Essam El Hadary wa Misri alidaka penalti katika Kombe la Dunia la 2018 akiwa na miaka 45. Misri ni mfano unaotajwa mara kwa mara na wanaotaka Tanzania iwabane makipa wa kigeni, kwa sababu kwa miaka mingi klabu za ligi yake zimezuiwa kuwasajili. Korea Kusini ilifanya hivyo pia: baada ya Valeri Sarychev kutoka Urusi kutawala lango la Ilhwa Chunma miaka ya 1990, na klabu nyingine kumwiga, wakubwa wa ligi waliwapunguza makipa wa kigeni hatua kwa hatua hadi kuwapiga marufuku kabisa mwaka 1999. Sarychev alichukua uraia wa Korea akaendelea kudaka. Marufuku hiyo iliondolewa kuanzia msimu wa 2026, baada ya kukaa zaidi ya robo karne.

Kama Tanzania ifuate njia hiyo ni hoja inayozuka kila Taifa Stars inapofungwa bao la kizembe na kuzimika inaposhinda. Wenye klabu husema wanashindana Afrika na hawawezi kuweka golini mtu wa kujifunzia. Wana haki. Lakini marufuku kwa Simba na Yanga ingetoa nafasi mbili au tatu. Swali zito zaidi ni la zile nafasi 10 na ushee za klabu za kati na za chini, ambako kipa mzawa hupata mechi 30 za msimu, hufanya makosa yake mbali na mashabiki 60,000, na hurekebishwa, endapo klabu ina kocha wa makipa anayelipwa kwa wakati.

Hapo ndipo penye kitendawili cha Dodoma Jiji na wenzake. Timu ya halmashauri huendeshwa kwa fedha ambazo madiwani hulazimika kuzitetea mbele ya wananchi wanaotaka madarasa na visima. Shinikizo la kutoshuka daraja ni kubwa, na njia ya mkato ya kutoshuka ni kusajili kipa aliyekomaa kutoka Kinshasa au Accra badala ya kumvumilia kijana wa miaka 20 aliyetoka kwenye michezo ya shule za sekondari, UMISSETA. Coastal Union ilifanya hivyo na Matampi, na ikapata ilichokitaka.

Kijana huyo wa UMISSETA, kwa upande wake, hahitaji kuahidiwa Msimbazi. Kwa kawaida kila mwalimu huwa na kipa wa akiba benchini, na klabu husajili watatu. Wa tatu hufika Jamhuri mapema kuliko wote, huwapigia wenzake mipira ya kupasha misuli moto hadi dakika chache kabla ya mechi, kisha hubeba mfuko wa mipira na kupanda jukwaani.